Madgadi Iliyoliwa na Mbuzi

Mbuzi walikuwa watatu. Wa kwanza alianza kwa kulamba taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua sita tu kutoka pale, shati limepigwa pasi, mikono nyuma, nisiweze kusogea, kwa sababu mgeni kutoka mkoani alikuwa anahutubia na Mwenyekiti alikuwa ametuonya kwamba atakayetikisika atamjua. Wa pili akaja akauma. Rangi ikabanduka kama ganda la kiazi. Wa tatu, beberu mweusi, aliingiza mdomo kwenye tundu, akavuta, ukatoka uzi wa mkonge mrefu kama kamba ya kisimani, naye akautafuna huku akimtazama mgeni usoni. Mgeni alikuwa amefika pale pa kusema kijiji chetu ni mfano wa kuigwa. Akamwinamia Mwenyekiti na kumwuliza kwa sauti ya chini, ambayo kwa bahati mbaya ilisikika mpaka kwa kina mama waliokaa nyuma:

"Ndugu Mwenyekiti, lile gari lenu linaliwa?"

Ndiyo, lilikuwa linaliwa. Madgadi ya kulia ya Landrova ya Kijiji cha Ujamaa Tukazane, lile bati la mbele linalofunika gurudumu, ililiwa na mbuzi saa nne asubuhi mbele ya wananchi. Kitabu cha mihtasari cha kijiji kimeandika kwamba aliyeharibu ni fundi. Fundi ni mimi, Mateo, mtoto wa milima ya Vidunda, darasa la tatu, na la tatu lenyewe sikulimaliza. Mwezi uliopita niliweka nyundo chini kwa sababu bega la kulia halipandi tena. Ninyi mafundi wa bodi mliobaki hapo gereji Mikumi, mnaoniita Fundi Muhogo mkidhani sisikii, kaeni niwaeleze. Nitataja majina. Aliyejificha ajue nimemwona.

Kazi niliianza Rudewa, kwenye gereji ya shamba la mkonge, mwaka uleule wa Uhuru. Watu walikuwa wanacheza ngoma barabarani, mimi nimeshikishwa kipande cha reli. Aliyenishikisha ni Mzee Ramadhani Pazi, fundi mkuu, mtu mfupi mwenye masikio makubwa ambayo aliyatumia kuliko macho. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kile kipande, akasema nikikiangusha kwenye mguu wangu nisipige kelele kwa sababu yeye anasikiliza bati.

Nilidhani ni kichaa. Baadaye nikaelewa. Bati lililobonyea hulitengenezi kwa nguvu. Unaweka chuma kizito upande wa nyuma, sisi tulitumia kipande cha reli kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, na upande wa mbele unagonga kwa nyundo nyepesi, unaanzia pembeni mwa bonde na kuzunguka kuingia ndani, kama unavyosonga ugali usiache mabonge. Nyundo ikiangukia penye reli, inalia *ti*. Ikikosa reli, inalia *bo*. Mzee Pazi alikuwa anakaa kwenye pipa lake, mgongo ametupa, anakunywa chai, na ukipiga *bo* moja tu anasema, "Hiyo umeua." Hakugeuka hata siku moja. Hakukosea hata siku moja.

Wiki ya kwanza nilipewa kazi yangu mwenyewe, mlango wa gari la meneja, Mgiriki mmoja mpole. Kulikuwa na kibonyeo kidogo kama kikombe. Nikakinyoosha vizuri, *ti ti ti*, mpaka nikafurahi. Nikatazama chini nikaona mlango bado una mkunjo mrefu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikajiambia, huyu bwana kagonga vibaya sana. Nikaunyoosha na huo, siku mbili nzima. Nilipomaliza mlango ulikuwa bapa kama ubao wa shule, na mkunjo ule ulikuwa umetengenezwa na kiwanda makusudi, uko kwenye milango yote minne. Meneja akaja, akazunguka gari upande huu, akazunguka upande ule, akarudi upande huu. Mzee Pazi akamwambia kwamba kijana huyu ni mpya na anachukia mikunjo. Kuanzia siku hiyo nikajifunza kwamba kabla hujagusa upande uliopinda, nenda kautazame upande mzima. Upande mzima ndio mwalimu. Andikeni hilo ukutani.

Baadaye nilihamia Kilosa mjini, nikakaa miaka mingi kwenye gereji moja karibu na stesheni. Huko ndiko nilikojua watu. Kila dereva aliyetoka njia ya Mikumi na gari limebonyea alisema amegongwa na tembo. Nimewahi kunyoosha bampa lililogongwa na tembo mwenye magome ya mti, nikanyoosha na boneti iliyokanyagwa na tembo mwenye rangi ya ukuta wa baa. Fundi wa bodi anajua ukweli wa kila mtu na analipwa ili anyamaze.

Lakini naomba mkumbuke jambo moja kuhusu miaka hiyo yote ya Rudewa na Kilosa. Magari yote niliyoyashika yalikuwa ya bati la chuma. Malori, matrekta, magari ya watu wakubwa, yote chuma. Na chuma ni muungwana. Ukikitia moto ili kilainike, kinakwambia kilipofikia. Kinakuwa cha bluu, kinakuwa chekundu, kinakuwa cha rangi ya chungwa, una muda wa kukohoa na kuvuta sigara. Mzee Pazi alinifundisha kusubiri wekundu. Hakunifundisha kingine. Namtaja na yeye, Mungu amlaze pema, ila namtaja.

Wakati wa kuhamia vijijini ulipofika, mimi na mke wangu Asteria tukapelekwa Tukazane, upande wa Mikumi. Nilibeba nyundo tatu, kipande changu cha reli, na nyundo ya mpingo niliyoichonga mwenyewe. Asteria alibeba kinu. Nilimwambia kinu ni kizito, akiache. Akasema na reli je?

Hapo Tukazane ndipo nilipokutana na Lugembe. Alikuwa Katibu wa kijiji, Mnyamwezi, mtu wa zamani wa mkonge kama mimi. Sasa, kwa msomaji asiyejua: sisi watu wa milima hii na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kuchukua kofia yako kichwani akaondoka nayo, anaweza kulala kwenye kaburi lako akadai pombe ndipo uzikwe, na huruhusiwi kukasirika. Siku ya kwanza tu Lugembe aliponiona alisema, "Nani kamshusha nyani mlimani akampa nyundo?" Nikamjibu kwamba mizigo ya kubeba imekwisha, arudi Tabora. Kijiji kikacheka, tukawa marafiki. Nilimpenda Lugembe. Ndiyo maana bado nina hasira naye.

Kijiji kikapata Landrova, kuukuu lakini nzima, ya kupeleka wagonjwa na kuleta mbegu. Dereva alikuwa Sefu. Mwezi wa pili Sefu aligonga kibao kilichoandikwa *Karibu Kijiji cha Ujamaa Tukazane*. Kibao kikubwa, cheupe, kipo peke yake kwenye uwanda mtupu, unakiona kutoka nusu saa ya mwendo. Nilipomwuliza akasema alikuwa anamkwepa tembo. Madgadi ya kulia ilikunjika mpaka ikagusa gurudumu, gari haliendi. Na barua ilikuwa imeshafika kwamba baada ya siku tisa mgeni wa mkoa atakuja kuona maendeleo, na maendeleo yenyewe yalikuwa ni lile gari.

Gereji hatukuwa nayo. Nikasema nitaitengeneza nyumbani. Madgadi ya Landrova hufungwa kwa bolti, nikaifungua, nikaibeba kichwani mpaka kwangu. Nilitaka kuanza na mkunjo mkali wa katikati. Kwa kuwa sikuwa na fuawe nzuri ya kuegemezea bati, nikageuza kinu cha Asteria chini juu, nikaweka gunia la mchanga juu yake, nikapata mahali pazuri kuliko gereji nyingi. Kwa fundi wa nyumbani hakuna kifaa kizuri kama kinu. Ila ukichukue wakati mwenyewe yuko shamba.

Mkunjo ulikuwa mgumu. Nikawasha mkaa, nikapata mvukuto, nikaiweka ile madgadi juu ya moto na kukaa kusubiri wekundu kama nilivyofundishwa. Nikasubiri. Bati halibadiliki rangi. Nikaongeza mvukuto. Bado jeupe, limetulia, kama mtu anayekusikiliza kwa heshima. Nikainama nitazame kwa karibu, na hapo hapo, bila kuaga, kipande cha ukubwa wa sahani ya wali kikadondoka kwenye mkaa kikawa uji unaong'aa.

Asteria alikuwa anarudi na kuni. Akatua mzigo. Akatazama moto, akatazama tundu, akatazama kinu chake kimepinduliwa.

"Baba," akaniambia, "umepika gari?"

Landrova si chuma, jamani. Ni aluminiamu. Ni kitu kimoja na sufuria, na aluminiamu haiwi nyekundu, inakaa kimya mpaka inayeyuka. Miaka mitano baadaye dereva mmoja wa lori la Zambia alinifundisha dawa yake: unapaka sabuni ya kufulia kwenye bati, unalipasha polepole kutoka mbali, sabuni ikigeuka kahawia unaondoa moto hapo hapo, bati limeshalainika. Sabuni tu. Ilikuwa nyumbani mwangu siku zote, juu ya dirisha. Kosa hilo ni langu na naliandika kwa mkono wangu, ili asije mtu akasema Mateo anataja makosa ya wengine tu.

Lakini tundu si mwisho wa gari. Siku ile ile nilijua dawa. Kama gari ni sufuria, basi kiraka ni sufuria. Unakata duara kutoka sufuria kuukuu, unaligonga kwenye mchanga mpaka lipate mviringo wa upande mzima, unatoboa, unapiga ribiti pembeni, unasugua msasa, unapaka rangi. Siku mbili. Jikoni kwa kijiji kulikuwa na sufuria kubwa iliyotoboka kitako, inakaa kuku. Nikaenda kwa Mwenyekiti, Mzee Kondo, nikamwomba ile sufuria.

Mzee Kondo alikuwa mtu mwema aliyeogopa karatasi. Akasema sufuria ni mali ya kijiji, imeandikwa, haiwezi kukatwa bila kamati. Kamati ikaitwa. Kikao cha kwanza kilijadili kama sufuria iliyotoboka bado ni sufuria. Cha pili kilijadili kuku atahamia wapi. Cha tatu kilifika siku tatu kabla ya mgeni, na hapo ndipo Katibu Lugembe aliposimama. Akasema wananchi, tunazungumza kujitegemea kila siku, halafu tundu dogo tu tunataka kukata chombo cha kiwandani. Tunao mkonge. Tunao muhogo. Gundi ya muhogo inabandika vitabu vya shule, itashindwaje madgadi? Tuchanganye singa za mkonge na ugali mwepesi wa muhogo, tuzibe, likauke juani, tupake rangi. Mgeni akija tumwambie gari letu tumelitengeneza kwa mazao yetu wenyewe.

Wakapiga makofi. Nawaambia walipiga makofi mpaka kuku akatoka kwenye sufuria.

Nikasimama. Haya ndiyo maneno niliyosema, sijaongeza wala kupunguza, na walionisikia bado wapo:

"Ndugu Katibu, hiki ni chakula. Ukikiweka kwenye gari, mbuzi watakila, na mbuzi wanaozurura hapa kijijini ni wako."

Lugembe akacheka. Akasema, "Mnamsikia mtani wangu? Kayeyusha gari, sasa anasingizia mbuzi zangu." Na kamati nzima ikaangua kicheko. Mzee Kondo alicheka mpaka akafuta machozi kwa barua ya mkoa. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi, kwa sababu mtani huwa anasema hivyo hivyo. Nikapiga meza nikasema jamani ninasema kweli kama fundi. Mmoja akaanguka kwenye benchi. Kadiri nilivyokasirika ndivyo nilivyozidi kuwa mtani mzuri. Nilikaa chini nikiwa na ukweli wangu mkononi, hakuna wa kuupokea.

Gundi ilipikwa na Mama Zaina, mpishi wa kijiji, kwenye sufuria nyingine, ile nzima. Mama huyu alikuwa amezoea kupika kwa watu mia, mkono wake haukujua kupika kitu bila kutia chumvi. Akatia. Nilipomwuliza kwa nini akasema, sasa baba, kitaliwaje bila chumvi? Labda yeye peke yake ndiye aliyeona mbele.

Nikaziba tundu. Kwa kuwa kazi ni kazi hata ikiwa ya kijinga, niliifanya vizuri. Nilipanga singa za mkonge msalaba kwa msalaba, nikasukuma ule ugali kwa kijiko cha mti, nikaanika siku mbili, nikasugua kwa msasa mpaka kiganja kikipita hakijui bati linaishia wapi na muhogo unaanzia wapi. Nikapaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya zahanati. Nawaapia, ukisimama mbali ilikuwa nzuri kuliko ya kushoto. Nikaifunga kwenye gari. Nikazunguka nikaitazama na upande mzima, kama nilivyofundishwa, na nikajisikia vibaya jinsi zilivyofanana.

Asubuhi ya mgeni, Lugembe alivaa suti ya kola isiyo na tai na akasahau kufunga mbuzi. Sheria ndogo ya kijiji ilisema mbuzi wafungwe. Sheria hiyo aliiandika yeye. Yaliyofuata nimeshayasema juu.

Mgeni hakukasirika, hilo ndilo baya zaidi. Alimaliza hotuba yake kwa maneno machache, akapanda gari lake, na kupitia dirisha lake niliona mabega yanamtikisika kwa kicheko. Kikao cha dharura kilikaa mchana huo huo. Lugembe ndiye aliyeshika kalamu, kama kawaida ya Katibu. Akaandika, na mimi nilisomewa: *Fundi Mateo ameharibu mali ya kijiji kwa uzembe. Kamati haikupata tahadhari yoyote kutoka kwake.* Nikasema tahadhari niliitoa, mbele yenu nyote. Mzee Kondo akatazama chini. Lugembe akasema ule ulikuwa utani, na utani hauandikwi kwenye mihtasari.

Nikanyang'anywa ufundi. Nikapewa kazi ya kulinda shamba la mahindi dhidi ya nyani, misimu miwili. Lugembe alipita kila Jumatatu kuniuliza kama ndugu zangu hawajambo. Nilikaa kwenye kichanja na debe tupu, mtu niliyefundishwa kusikia bati kwa miaka yote ile, nikiligonga ovyo *bo bo bo* kufukuza nyani. Mzee Pazi angekufa mara ya pili.

Niliporudi kwenye kazi, gereji ya barabarani Mikumi, jina lilikuwa limetangulia. Madereva wa malori walikuwa wanafika na gari limebonyea wanauliza kama tunapokea na muhogo. Mteja mmoja alinigonga begani akaniomba nisitie pilipili. Binti yangu alipochumbiwa, wakwe walileta mshenga na kikapu, ndani ya kikapu kuna muhogo mbichi, na wakacheka mpaka posa ikasahaulika ikabidi warudi wiki nyingine. Nimenyoosha mamia ya milango baada ya ile. Nimerudisha mabasi yaliyopinduka Mto Ruaha mpaka wenyewe hawakuyatambua. Hakuna anayeyataja. Kazi zote za mkono huu zimefunikwa na kiraka kimoja ambacho sikukitaka.

Na nimejaribu kudai haki. Mara tatu nimekwenda kwenye baraza la wazee. Mara ya kwanza wazee waliuliza mshitakiwa ni nani, nikasema Lugembe, wakauliza si mtani wako huyo, nikasema ndiye, wakasema kesi ya mtani haisikilizwi, tangu lini. Mara ya pili walicheka kabla sijakaa. Mara ya tatu Lugembe mwenyewe alikuja, akanivua kofia, akaivaa, akaenda nayo nyumbani, na kwa mila yetu kesi ikawa imekwisha pale. Mtu ambaye si mtani wako akikuandika uongo, unampeleka mahakamani. Mtani wako akikuandika uongo, unapewa muhogo.

Basi sasa nimestaafu, sina mteja wa kumpoteza wala mkwe wa kumwogopa. Mzee Kondo, wewe ulisikia, na ulinyamaza. Sefu, wewe ulikwepa tembo aliyeandikwa Karibu. Nimewasamehe ninyi wawili, maana uoga na uongo wa dereva ni vitu vya kawaida.

Lugembe, wewe sijakusamehe. Najua uko hai, nilikuona sokoni wiki hii unachagua nyanya, na najua kitabu kile cha mihtasari kiko kwako chini ya kitanda, kwa sababu mke wako amemwambia mke wangu. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Njoo nacho. Njoo bila kofia yangu na bila yako. Usinitukane na mimi sitakutukana, kwa siku moja tuwe watu wawili tu ambao babu zao hawakuwahi kujuana. Fungua ukurasa ule, usome kwa sauti kila mtu asikie, halafu unijibu swali moja mbele ya watu, na karani mpya aliandike jibu lako kwa wino: siku ile kwenye kikao, ulipocheka, ulikuwa hujui kwamba ninasema kweli, au ulijua?